Macho ya dereva, umri na dashibodi: Bulembia, Kasese na Bwera

Kuzeeka kwa macho ya dereva ni hali inayoanza kujitokeza mtu akiingia miaka ya 40, pale lenzi ya jicho inapokuwa ngumu na kushindwa kutuna ili kuona vitu vya karibu. Barabarani hali hii ina sura yake ya pekee: dereva anamwona tembo aliye m 300 mbele bila taabu yoyote, lakini tarakimu za kipimo cha mwendo, zilizo sm 70 kutoka usoni mwake, zinamwonyesha ukungu. Makala hii inaieleza kwa mfano wa wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kuanzia Bulembia, divisheni ya manispaa ya Kasese yenye migodi ya shaba ya Kilembe, hadi mji wa Bwera na Mpondwe, mpakani na Kongo.

Uwezo wa jicho kujirekebisha hupimwa kwa dayopta. Mtoto wa miaka 10 ana takriban 14, mtu wa miaka 40 amebakiwa na 4 au 5, na akifika 60 imebaki kama 1 tu. Kusoma kitu kilicho umbali wa sm 70 kunahitaji dayopta 1.4, karatasi iliyo mkononi, sm 40, inahitaji 2.5. Ndiyo maana dereva wa miaka 45 huanza kulalamikia risiti na simu, huku dashibodi akiisoma bado. Miaka kumi baadaye dashibodi nayo imemponyoka, na kwa kuwa hali hii imekuja polepole, wengi hawajui. Wanaona mbali vizuri, basi wanajihesabu kuwa na macho mazima. Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba takriban asilimia 62 ya watu wa miaka 40 na kuendelea walikuwa na upungufu huu wa kuona karibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 826 wanaoishi nao bila miwani inayowafaa.

Mwanga ni shida nyingine, na huenda ndiyo kubwa zaidi usiku. Mboni ya mtu mzima haipanuki gizani kama ya kijana, na lenzi yake hugeuka manjano. Mwanga unaofika ndani ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi moja ya ule unaofika kwa mtu wa miaka 20. Lenzi ya manjano huzuia zaidi rangi ya buluu, kwa hiyo maandishi ya buluu kwenye dashibodi nyeusi hufifia mapema kuliko meupe au ya rangi ya chungwa.

Barabara inayotoka Kasese kwenda kusini hukutana na mstari wa ikweta karibu na Kikorongo, na hapo ndipo njia ya Bwera inapochepuka kuelekea magharibi. Anayekwenda Bwera jioni analikabili jua usoni, kisha akitupa jicho chini kwenye dashibodi iliyo kivulini haoni kitu kwa muda. Jua likishazama, giza huingia kwa takriban dakika 20, nayo barabara bado imo katika eneo la Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambako viboko na tembo huvuka. Jicho la kijana hulizoea giza upesi. La mzee huchelewa. Kioo cha mbele chenye vumbi na mikwaruzo huzidisha tabu, kwa sababu hutawanya mwanga wa taa za gari linalokuja, na lenzi iliyoanza ukungu huutawanya mara ya pili.

Mpondwe inaongeza jambo ambalo madereva wa huko wanalijua kwa mateso. Uganda huendesha kushoto, Kongo kulia. Taa nyingi zikishushwa huwa zimepangwa kumulika juu kidogo upande wa ukingo wa barabara. Gari lililotengenezwa kwa upande mmoja likivushwa kwenda nchi ya pili, mwanga ule unaangukia macho ya anayekuja. Aliye na miaka 60 atahitaji muda mrefu zaidi kurudiwa na uoni wake.

Kuhusu vipimo vyenyewe, mshale bado unawafaa wazee kuliko tarakimu. Dereva wa lori la breki za upepo halazimiki kusoma namba. Akiona mshale wa upepo umelala kushoto anajua mambo yameharibika. Skrini humlazimisha asome. Herufi ya mm 4 ikitazamwa kutoka sm 70 ina ukubwa unaotosha watu wengi, lakini skrini nyingi huweka maandishi madogo kuliko hayo, na magari ya mitumba kutoka Japani huja na maandishi ya Kijapani juu yake. Kila sekunde mbili za kukodolea skrini kwa mwendo wa km 80 kwa saa ni m 44 za barabara isiyotazamwa. Huko Bulembia, katika bonde la Nyamwamba lililovurugwa na mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020, hata m 10 ni nyingi.

Miwani ya kusomea ya sokoni haitatui jambo hili, na hapa ndipo madereva wengi hupotea. Miwani ya sm 40 huifanya dashibodi ya sm 70 kuwa na ukungu na barabara kuwa na ukungu zaidi. Kinachofaa ni miwani ambayo sehemu yake ya juu imeachwa kwa ajili ya mbali na ya chini imepimwa kwa umbali wa dashibodi, hivyo dereva afike kwa mpimaji akiwa ameshapima kwa futi kutoka jichoni hadi kwenye vipimo vyake. Hospitali ya Kagando, iliyo Kisinga kwenye njia ya Bwera, ina huduma za macho, na mjini Mbarara kuna Ruharo Eye Centre.

Mitihani ya udereva kwa kawaida hupima uoni wa mbali. Uingereza, kwa mfano, humtaka mtahiniwa asome namba ya gari kutoka m 20. Kumketisha mtu kwenye kiti cha dereva na kumwambia ataje mwendo, mafuta na upepo wa breki hakugharimu chochote, na kungefaa kufanywa kwa kila dereva wa abiria aliyepita miaka 45.

Lenzi iliyoingia ukungu kabisa, yaani mtoto wa jicho, hutibiwa kwa upasuaji wa kuibadilisha. Aliyewekewa lenzi ya kawaida ya plastiki, iliyopangwa kwa ajili ya mbali, hurudi kuona barabara na rangi vizuri, na mng'ao wa taa za usiku hupungua. Lakini lenzi hiyo haituni hata kidogo, kwa hiyo dashibodi ataisoma kwa miwani maisha yake yote, na afadhali aambiwe hivyo kabla ya kurudishiwa funguo.