KATUNI TUNAZOZISIFIA KUPITA KIASI (Sehemu ya 4: sifa hizi zilitoka wapi?)

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, nawaona. Leo post ni ndefu. Kaa chini, mtoto mpe ziwa, tuongee.

Juzi kliniki alikuja mama mmoja na mwanae wa kiume, miaka miwili na miezi kadhaa. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane.) Mama anauza nanasi barabarani hapa Kiwangwa, anashinda kibandani na mtoto, simu ndiyo yaya. Akaniambia kwa fahari, "Nesi, huyu anajua Kiingereza huyu." Nikanyoosha vidole. Kweli, mtoto akahesabu mpaka kumi kwa Kiingereza, kwa wimbo kabisa. Nikampigia makofi.

Halafu nikamuuliza kwa Kiswahili, "Mama yuko wapi?" Kimya. "Unataka maji?" Kimya. Nikamuuliza mama, akiwa na kiu anasemaje? Akasema, "Hasemi, ananivuta mkono mpaka kwenye ndoo."

Mtoto anahesabu mpaka kumi na hajui kusema "maji". Yule mama hakuwa mzembe, jamani. Alifanya alichoambiwa na watu wengi: muwekee katuni za kufundisha, atachangamka akili. Sasa basi, nani alianza kusema hivyo? Ndiyo historia ya leo.

Zamani katuni zilikuwa za kuchekesha tu

Zanzibar walipata televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri miaka kama 20 zaidi, maana serikali wakati ule iliona televisheni ni anasa, redio inatosha. ITV ilianza mwaka 1994. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka: nyumba moja yenye runinga, watoto wa mtaa mzima kwenye mkeka, na mwenye nyumba akikasirika anazima.

Tulikuwa tunaangalia Tom na Jerry. Wale paka na panya walitengenezwa na William Hanna na Joseph Barbera kuanzia mwaka 1940, kwa ajili ya majumba ya sinema, wakubwa kwa watoto wacheke pamoja. Hakuna mzazi aliyewahi kusema Tom na Jerry wanamfundisha mwanangu. Tulicheka, tukarudi nje kucheza rede na kombolela. Katuni ilikuwa kama peremende, na kila mtu alijua ni peremende.

Sifa iliyofanyiwa kazi

Mwaka 1969 Marekani ilianza Sesame Street. Ile si katuni tupu, ni vikaragosi, watu na katuni fupifupi ndani yake. Waliokitengeneza kipindi hicho walikaa na wataalamu wa watoto kabla ya kurusha hewani, wakajaribu na watoto wenyewe, kisichoeleweka wakakitoa. Na walilenga watoto wanaokaribia kuanza shule, miaka 3 mpaka 5. Shikeni hapo kwenye umri, tutarudi.

Hapa kwetu walikuja na Kilimani Sesame, kwa Kiswahili, wakizungumzia mpaka malaria na chandarua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia watoto 223 wa Dar es Salaam na wa Kisarawe, mkoa wetu huu huu wa Pwani. Watoto waliokifuatilia zaidi walionyesha kujua zaidi, ikiwemo habari za malaria. Mimi kama nesi siwezi kubeza kitu kama hicho. Sifa hiyo ilipimwa.

Mwaka 2014 Watanzania wenzetu wa Ubongo wakaanza kurusha Ubongo Kids, akina Kiduchu na Kibena, hesabu na sayansi kwa nyimbo. Baadaye ikaja Akili and Me kwa wadogo zaidi: Akili, binti wa miaka minne anayeishi karibu na Mlima Kilimanjaro. Mtafiti Dina Borzekowski na wenzake waliipima kwa watoto wa Morogoro, matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Waliotazama Akili walipata nafuu kuliko waliotazama vipindi vingine, kwenye kuchora, maumbo, kutambua namba na kuhesabu. Nafuu, sio muujiza. Lakini ipo.

Ila angalieni: hao ni watoto wa umri wa chekechea, wanaoongea tayari. Sio wa miezi minane. Tatizo letu linaanzia hapo. Sifa ya haki ya mtoto wa miaka minne tukaichukua tukamvisha kichanga.

Sifa ya uongo ilipozaliwa

Miaka ya 1990 mwishoni, mama mmoja wa Marekani, Julie Aigner-Clark, alirekodi nyumbani kwake video za vitu vya kuchezea, vikaragosi na muziki wa taratibu, kwa ajili ya watoto wachanga. Akaziita Baby Einstein. Einstein si ndiye yule mwanasayansi? Jina peke yake lilitosha kuuza. Zikauzika mno, na mwaka 2001 kampuni ya Disney ikainunua biashara hiyo. Mwaka 2007 Rais Bush alimtaja yule mama kwa sifa kwenye hotuba yake kubwa ya mwaka mbele ya Bunge. Mnaona sifa ilipofika?

Mwaka huohuo 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington wakatoa kazi yao. Kwa watoto wa miezi 8 mpaka 16, kila saa moja kwa siku ya video za watoto wachanga iliendana na mtoto kujua maneno 6 mpaka 8 pungufu kuliko wenzake. Nitakuwa mkweli: kazi ile ilibishaniwa sana, ikafika mpaka mahakamani waliozianzisha video wakidai takwimu, na waliozipiga hesabu upya walisema madhara si makubwa hivyo. Sawa. Lakini hata waliobisha hawakuonyesha kwamba video zinamfanya kichanga awe na akili zaidi. Mwaka 2009 Disney wakatangaza kwamba mzazi asiyeridhika arudishe video, arudishiwe hela.

Utafiti ninaoupenda mimi ni wa mwaka 2010, wa Judy DeLoache na wenzake. Walichukua watoto wa mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu. Wengine waliwekewa video ya kufundisha maneno mara kadhaa kwa wiki, mwezi mzima. Wengine hawakuwekewa video kabisa, ila wazazi walipewa orodha ya maneno yaleyale wakaambiwa mfundisheni kwa namna mnayoona wenyewe, katika shughuli za kila siku. Kundi la tatu halikufanyiwa chochote.

Waliotazama video hawakujua maneno zaidi ya wale ambao hawakufanyiwa chochote. Mwezi mzima! Waliofanya vizuri kuliko wote ni waliofundishwa na mzazi, bila video.

Sasa sikieni hili ndiyo kiini cha post yangu. Wazazi walioipenda ile video ndio waliodhani mtoto wao amejifunza mengi zaidi. Yaani mzazi akifurahia katuni, anaona akili kwa mtoto ambayo kipimo hakiioni. Hivyo ndivyo sifa inavyosambaa. Sio kwamba tunadanganyana kwa makusudi. Mtoto ametulia, macho kodo, anachezesha kichwa, wewe umepata nafasi ya kupika. Unashukuru. Na shukrani ile unaiita elimu.

"Hii ni ya kwetu"

Kuna sifa nyingine inayotupoteza: ya Kiafrika, kwa hiyo ni nzuri kwa mwanangu. Mwaka 2010 ilitoka Tinga Tinga Tales. Nzuri kuangalia, sibishi. Michoro imetokana na sanaa ya Tingatinga, iliyoanzishwa Dar na Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Katuni yenyewe ilichorwa Nairobi, kwa ajili ya chaneli ya watoto ya BBC ya Uingereza, na Kiingereza chake kilisemwa na waigizaji wa huko, akiwemo Lenny Henry. Hadithi za sungura na tembo, ambazo bibi yako Mkwere au Mzaramo anazo nyingi kichwani bure, zimeenda Ulaya zikarudi kwa Kiingereza. Kwa mtoto wa hapa Kiwangwa ambaye bado hajaweza kusema "nipe", uzuri wa rangi haumsaidii kuongea.

Na hii ya sasa kwenye simu

Nyote mnaijua Cocomelon. Ilianzia YouTube Marekani mwaka 2006 kwa jina lingine, ikaja kununuliwa na kampuni ya Moonbug mwaka 2020. Mwaka 2022 gazeti la New York Times lilieleza wanavyopima vipindi pale London: mtoto anawekwa mbele ya runinga yenye kipindi, na pembeni kuna skrini nyingine inaonyesha mambo ya kawaida, mtu anamimina kahawa na kadhalika. Kila mtoto akigeuza macho kuangalia pembeni, wanaandika. Halafu sehemu iliyomchosha wanairekebisha.

Linganisha na wale wa Sesame Street. Wale walipima kama mtoto ameelewa. Hapa kinachopimwa ni kama macho yametoka. Kwa kazi hiyo ya kushika macho, kweli wanastahili sifa zote! Ila wewe ukisifia, sifia hicho. Usiseme inamfundisha mwanao kuongea.

Kwa nini kichanga hajifunzi kuongea kwenye skrini

Mnakumbuka bibi akianza hadithi? Anasema "Paukwa!" halafu anasubiri. Msipojibu "Pakawa!" haendelei. Mdogo akijibu vibaya, bibi anacheka, anamwangalia usoni, anarudia. Lugha inaingia hivyohivyo: mmoja anatupa, mwingine anadaka, anarudisha. Kichanga akisema "ba", wewe ukajibu "ee, baba anakuja!", hapo umemfundisha. Katuni haisubiri. Hata ile inayouliza swali ikanyamaza kidogo, haijasikia mtoto alichojibu. Itasema "vizuri sana!" hata mtoto akiwa amelala.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo: chini ya mwaka mmoja, asikalishwe kwenye skrini kabisa. Wa mwaka mmoja, hivyo hivyo. Miaka miwili mpaka minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Najua mtasema nesi wewe rahisi kuongea. Sio rahisi. Mimi mwenyewe nikitoka zamu ya usiku nimewahi kumpa wangu simu nikalala nusu saa, na nikaamka nikakuta ni saa mbili. Sitakuja kwako kukuhukumu. Ninachoomba ni tuache kuiita shule. Ukimpa simu kwa sababu umechoka, sema nimechoka. Ukijua ni mapumziko yako, utayapima. Ukidhani ni masomo yake, utamwongezea.

Ya kufanya

Ukiwa kibandani, mtajie unachoshika: nanasi, kisu, maji, hela. Mama wa nanasi ana darasa zima mezani. Mwache anunue na kuuza na wewe kwa uongo na kweli.

Mwenye miaka mitatu kwenda juu akitaka katuni, chagua ya Kiswahili, iende taratibu, ukae naye hata dakika kumi, muulize "huyo nani, anafanya nini?" Hapo hata Akili atafanya kazi vizuri zaidi.

Na hii ni muhimu kuliko yote: mtoto akifika mwaka mmoja hatoi vijisauti vya kubwabwaja wala haitikii jina lake, mwaka na nusu hana hata maneno machache, miaka miwili haunganishi maneno mawili kama "mama njoo", usisubiri eti "baba yake naye alichelewa". Njoo na kadi yake ya kliniki. Inaweza kuwa masikio hayasikii vizuri, inaweza kuwa kingine kabisa ambacho simu haihusiki. Ila tukikijua mapema tunasaidika.

Yule mtoto wa mwanzo tumempa rufaa akapimwe masikio. Mama nilimwambia kitu kimoja tu cha kufanya wakati anasubiri tarehe: akivutwa mkono kwenda kwenye ndoo, asimame kwanza, achuchumae, amwangalie machoni, aseme "maji. Unataka maji?" Asubiri kidogo, ndiyo ampe. Kila mara. Wiki iliyopita kapita dirishani kwangu, hakuwa na miadi, alikuja tu kuniambia kitu: mtoto kasema "ma". Bado hatujui ni maji au mama. Tumefurahi vyote viwili.

Mtumie post hii mwenzio mwenye mtoto mdogo. Sehemu ya 5 nitajibu maswali yenu, yaandikeni hapo chini.