Manowari Pegasus na gamba lake la kobe

Jana jioni hapa Lizaboni, kwenye chai, jamaa yetu mmoja katoa hoja kwamba manowari za zamani za Mwingereza zilikuwa chuma tupu, huzizamishi hata ufanyeje. Sisi wa Songea meli tunazozijua ni za Ziwa Nyasa, bahari tunaisikia tu, kwa hiyo hakuna aliyembishia. Mimi nikakumbuka Pegasus. Nikamwambia subiri nikuandikie.

Pegasus ilishushwa majini mwaka 1897 kule Uingereza. Tani elfu 2 na ushee, mizinga 8 ya inchi 4, mwendo uliokusudiwa noti 20. Sasa hilo suala la chuma. Chuma kinene ni kizito, na uzito unakula mwendo, unakula na hela. Mchoraji wake, William White, hakuizungushia chuma kinene ubavuni. Alitandaza sitaha ya chuma ndani ya meli, karibu na usawa wa maji, unene wa inchi moja na nusu hadi mbili, katikati imeinuka na pembeni imeinama kwenda chini. Yaani kama gamba la kobe. Chini ya gamba kuna injini, boila na baruti. Juu ya gamba kuna watu! Wapiga mizinga walisimama nyuma ya vingao vyembamba tu.

Jamani tusimcheke White. Manowari hizi ndogo zilikuwa za kulinda njia za biashara na kutisha watu wa makoloni. Agosti 27, 1896, Pegasus ikiwa bado inaundwa, Waingereza waliipiga ikulu ya Zanzibar na kuizamisha Glasgow, meli ya Sultani, palepale bandarini. Vita ya dakika 38 hivi. Kwa adui wa namna hiyo gamba la kobe lilikuwa linatosha na chenji inabaki.

Ila miaka 18 baadaye, bandari ileile, akaja adui mwingine. Septemba 20, 1914, Pegasus imetia nanga Zanzibar, mitambo inatengenezwa, hizo noti 20 zimebaki kwenye karatasi. Alfajiri kama saa 11 na dakika chache ikatokea Königsberg ya Wajerumani, iliyoshushwa majini 1905. Mizinga yake ya sentimita 10.5 ni karibu sawa na ya Pegasus kwa upana wa mdomo, lakini inafika mbali zaidi. Ikaanza kupiga kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 6. Pegasus ikajibu, makombora yakaangukia majini kabla ya kufika. Haikupita nusu saa mizinga yake ikanyamaza, na siku hiyohiyo ikazama. Walikufa mabaharia 38, majeruhi 55. Baadhi wamezikwa kisiwani Chapwani, ukiwa Forodhani unakiona.

Mimi lawama nawapa walioiacha meli ya miaka 17 peke yake, mbovu, huku wanajua Königsberg inazurura.

Mizinga ya Pegasus iliopolewa, ikapigana nchi kavu. Königsberg nayo ilizamishwa Rufiji Julai 1915, na Wajerumani wakaiopoa mizinga yake wakaiburuta bara. Ukifika Fort Jesus, Mombasa, utaukuta mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg. Nauli ya kutoka Songea tutachangiana.