Mtaalamu wa hali ya nchi

Msomi, aghalabu mwanahistoria, mwanaanthropolojia au mwanaisimu, anayetoa ushahidi katika kesi za maombi ya hifadhi. Haamui nani ni mkimbizi. Hiyo ni kazi ya hakimu. Nchini Uingereza wajibu wake wa kwanza ni kwa mahakama, si kwa anayemlipa. Kesi za Wabajuni, watu wa pwani ya kusini mwa Somalia, zaonyesha uzito wa kazi hii. Ili kupima kama kweli anatoka huko, mwombaji huulizwa kuhusu visiwa vya Chula na Koyama, uvuvi, na Kibajuni chenyewe, lahaja yao ya Kiswahili. Lakini kijana ambaye wazazi wake walikimbilia Mombasa vita vilipozuka 1991 huenda akajibu kwa Kiswahili cha mjini, na bado ni Mbajuni. Bila msomi anayejua pwani ile, jibu hilo hudhaniwa kuwa uongo.