Msimbo Usiofungwa Mahali

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na Shinyanga hawakusubiri kamati iwaundie istilahi. Neno duara walilipa maana ya shimo la kuchimbia. Kinu cha kusagia mawe wakakiita karasha, kutokana na Kiingereza. Kila neno lina kazi yake. Katika elimu ya kompyuta, hata hivyo, neno moja, hamishi, huweza kubebeshwa dhana mbili zilizo mbali.

Hapo awali programu ziliundwa kwa uunganishaji tuli: kila moja ilibeba nakala yake ya taratibu zote ilizozihitaji. Programu ishirini, nakala ishirini. Na kumbukumbu za mitambo ya siku zile zilikuwa ndogo. Ndipo ilipotafutwa maktaba ya pamoja, yaani nakala moja itumiwe na programu nyingi. Katika miaka ya 1980, toleo la tatu la Unix System V liliipa kila maktaba ya namna hiyo anwani ya kudumu iliyopangwa mapema. Mwaka 1988 kampuni ya Sun Microsystems ilitoa SunOS 4.0, ambayo maktaba zake za pamoja zilitumia msimbo usiofungwa mahali.

Tuchukue mfano. Hati ya kazi inaagiza: "Weka mwalo wa kuoshea chini ya mbuyu wa Nyarugusu." Karasha likihamia Kakola, hati haina budi kuandikwa upya. Huo ni msimbo wa kuhamishwa. Hati ikisema, "Weka mwalo hatua kumi mashariki ya karasha," hubaki ilivyo popote. Huo ndio msimbo usiofungwa mahali. Na kwa kuwa haubadilishwi, programu nyingi huweza kuutumia kwa wakati mmoja.

Suala hili si la maneno matupu. Mwaka 2014 kasoro iliyoitwa Heartbleed iligunduliwa katika OpenSSL, maktaba ya kulinda siri za mawasiliano. Penye maktaba ya pamoja, ilitosha kubadili nakala moja na kuziwasha upya programu zinazoitumia. Penye uunganishaji tuli, kila programu ilipaswa kuundwa upya. Mtumishi asiyeweza kutofautisha hali hizo hawezi kujua kama ameziba ufa wote.

Kwa sababu hiyo twapendekeza istilahi nne zitumike bila kuchanganywa: uunganishaji tuli, maktaba ya pamoja, msimbo wa kuhamishwa na msimbo usiofungwa mahali. Ya mwisho ni ndefu. Hata hivyo wafasiri wasiifupishe kwa kuirudisha kwenye hamishi.