Mau ya Samoa: Waliojipeleka kizuizini kupinga ukoloni

NENO Mau likitajwa Afrika Mashariki, wengi hukumbuka misitu ya Kenya ya miaka ya 1950. Mau ya Samoa, katika Bahari ya Pasifiki, haina uhusiano na hiyo. Kwa Kisamoa neno hilo hubeba maana ya msimamo usioyumba, na waliolitumia waliamua kuupinga utawala wa New Zealand bila silaha.

Samoa ya Magharibi, kama Tanganyika, ilikuwa koloni la Ujerumani. Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa Kijerumani jijini Dar es Salaam, aliwahi kuwa naibu gavana huko pia. New Zealand iliitwaa mwaka 1914, kisha ikakabidhiwa dhamana ya kuitawala na Shirikisho la Mataifa.

Chuki ilikomaa kutokana na maradhi. Novemba 7, 1918, meli Talune iliyotoka Auckland iliachwa itie nanga Apia ikiwa na wagonjwa wa homa ya mafua. Watu wapatao 8,500 walifariki, zaidi ya mmoja katika kila watano. Samoa ya Mashariki, iliyokuwa chini ya Marekani, ilijifungia na haikuzika hata mtu mmoja kwa ugonjwa huo. Robert Logan, mtawala wa upande wa magharibi, alikuwa ameukataa msaada wa majirani hao.

Waliofuata hawakuwa na busara zaidi. Jenerali George Richardson alijipa mamlaka ya kuwavua vyeo matai, yaani wakuu wa koo, na kuwafukuza vijijini mwao. Mwaka 1927 Mau ikaenea visiwani ikiongozwa na mfanyabiashara Olaf Nelson, mwenye baba Mswidi na mama Msamoa.

Njia yao ilikuwa kuinyima serikali kazi ya kufanya. Waligoma kulipa kodi, wakaacha kuandikisha vizazi na vifo, wakawatoa watoto katika shule za serikali na wakapuuza amri ya kukusanya wadudu wanaotoboa minazi. Wafuasi walivaa shuka za buluu zenye mstari mweupe. Februari 1928, askari wa manowari mbili waliwakamata watu wapatao 400. Wengine wakamiminika wakitaka nao wakamatwe. Nafasi ya kuwaweka ikakosekana, na Richardson akalazimika kuwaachia.

Nelson alikuwa ameshapelekwa uhamishoni. Uongozi ukamwangukia Tupua Tamasese Lealofi wa Tatu, chifu kijana aliyefungwa New Zealand miezi sita kwa kukataa kulipa kodi.

Desemba 28, 1929, Mau waliandamana ufukweni Apia kuwalaki wenzao waliorejea kutoka uhamishoni. Polisi walijaribu kumkamata mmoja wao, vurugu ikazuka na konstebo mmoja akauawa. Polisi wakafyatua bunduki, pamoja na rashasha kutoka kituoni. Tamasese alipigwa risasi akiwasihi watu wake watulie. Wasamoa wasiopungua wanane walipoteza maisha. Tamasese, aliyekuwa na umri wa miaka 28, alifariki siku iliyofuata, akiwa amewaagiza wafuasi wasilipize kisasi.

Agizo hilo lilitiiwa, jambo ambalo si jepesi kwa watu waliotoka kumzika chifu wao. Wanaume walikimbilia porini wakisakwa na wanamaji, na wanawake wakaichukua kazi. Mjane wa Tamasese na mke wa Nelson walikuwa miongoni mwa waliounda Mau ya Wanawake na kuendeleza maandamano.

Serikali ya chama cha Labour, iliyoingia madarakani New Zealand mwaka 1935, iliitambua Mau mwaka uliofuata na kumruhusu Nelson kurudi. Januari 1, 1962, Samoa ya Magharibi ikawa nchi huru ya kwanza miongoni mwa visiwa vya Pasifiki. Mmoja wa wakuu wake wawili wa nchi alikuwa Tupua Tamasese Mea'ole, mrithi wa cheo cha chifu aliyeuawa.

Juni 2002 Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, alikwenda Apia na kuomba radhi rasmi kwa meli ya mwaka 1918 na kwa risasi za mwaka 1929.