Nywila nyingi, kumbukumbu moja

KILA mwezi wa Juni unapokaribia kwisha, mikahawa ya mtandao nchini hufurika watu wanaotaka kujaza fomu za ushuru kabla ya tarehe 30. Mhudumu anapouliza nywila, yupo anayetoa kijikaratasi mfukoni na yupo anayempigia mwanawe simu. Wengine hawajawahi kuijua kwa kuwa mhudumu mwenyewe ndiye aliyewafungulia akaunti na kuibuni.

Nywila, au neno la siri, iliingia katika tarakilishi mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT, Marekani. Fernando Corbató na wenzake waliunda mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia mashine moja, na kila mmoja alihitaji kulinda faili zake. Siri hiyo haikudumu. Mwaka 1962, mwanafunzi wa uzamifu Allan Scherr, aliyetaka saa zaidi za kutumia mashine hiyo, aliiagiza imchapishie faili yenye nywila za watumiaji wote.

Wakati huo mtu alikuwa na nywila moja tu ya kukumbuka. Leo anayo ya barua pepe, ya benki, ya ushuru, ya mkopo wa elimu na ya mitandao ya kijamii. Ndipo hukimbilia jina la mtoto au mwaka wa kuzaliwa, kisha akalitumia kila mahali. Kampuni ya RockYou ya Marekani ilipodukuliwa Desemba 2009, nywila takriban milioni 32 zilianikwa. Iliyoongoza ilikuwa 123456, chaguo la watu zaidi ya 290,000.

Hata hivyo, udhaifu wa neno lenyewe si hatari kubwa kama kulirudia. Wadukuzi huchukua anwani na nywila zilizoibwa katika tovuti moja na kuzijaribu kwa programu katika tovuti nyingine nyingi. Tovuti ndogo ya kandanda ikivuja, barua pepe ya shabiki hufunguka pia iwapo nywila ni ile ile. Anayeshika barua pepe hiyo anaweza kuomba nywila mpya za akaunti nyingine zote.

Ushauri wa kuchanganya herufi, tarakimu na alama, kisha kubadilisha nywila kila baada ya miezi kadhaa, ulienezwa na mwongozo ulioandikwa mwaka 2003 na Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Mwaka 2017 Burr alisema anajutia sehemu kubwa ya ushauri huo. Watu waliolazimishwa kubadilisha waliongeza tu tarakimu moja mwishoni. Mwaka huo huo NIST ilitoa mwongozo mpya uliopendelea urefu na kuacha sharti la mabadiliko ya mara kwa mara.

Urefu hupatikana kwa maneno ya kawaida yasiyohusiana, mathalani kikapu, radi, mgomba na tarumbeta. Mwaka 1995, Arnold Reinhold alibuni njia ya kuchagua maneno hayo kwa kurusha dadu mara tano kwa kila neno, kutoka orodha ya maneno 7,776. Methali haifai kwa kazi hii, hata iwe ndefu vipi, maana kila Mswahili anaijua na orodha za wadukuzi hujaa misemo maarufu.

Je, kuandika nywila kwenye karatasi ni ujinga? La. Mtaalamu wa usalama Bruce Schneier alipendekeza mwaka 2005 ziandikwe na kuwekwa pochini. Mdukuzi aliye ng'ambo hawezi kufungua droo iliyoko Kisii. Anayehofia macho ya jamaa anaweza kuacha kipande kimoja bila kukiandika, akakihifadhi kichwani. Wenye simu za kisasa wana programu za kutunza nywila, ambapo hukumbuka moja tu, lakini hiyo moja ikisahaulika huenda zote zikapotea.

Nambari ya siri ya M-Pesa ni jambo tofauti. Ina tarakimu nne, hivyo michanganyiko 10,000 pekee, na kinga yake ni kufungwa baada ya majaribio machache. Anayetumia mwaka wake wa kuzaliwa amemrahisishia kazi mwizi wa mkoba, kwani simu na kitambulisho chenye mwaka huo huwa pamoja humo.

Tangu 2022 kampuni za Apple, Google na Microsoft zimekuwa zikieneza ufunguo wa kidijitali unaokaa ndani ya simu na kufunguliwa kwa alama ya kidole. Njia hiyo humfaa mwenye kifaa chake. Aliyefunguliwa akaunti mkahawani bado anatumia nywila inayojulikana na mtu mwingine, na anaweza kuibadilisha kwa simu ya mwanawe jioni hiyo hiyo, baada ya kuhakikisha kwamba barua pepe na nambari ya simu zilizosajiliwa ni zake, wala si za mhudumu.