Kuchonga

Kuchonga ni kupunguza kitu kigumu kidogo kidogo hadi kipate umbo linalotakiwa. Ndivyo gogo linavyokuwa mwiko, mpini au kinyago. Kwa mafundi baiskeli wa Musoma, Bunda na Butiama, kinachochongwa ni chuma pia. Spea isiyopatikana dukani huchongwa nyumbani.

Mfano mzuri ni pini inayobana mkono wa pedeli kwenye ekseli ya baiskeli za chuma za mtindo wa zamani, kama Phoenix. Zipo pini za milimita 9 na za 9.5, na mteremko wa upande wake bapa nao hutofautiana. Fundi huibana pini kwenye jiliwa, akapitisha tupa upande huo, akaijaribu, akarudia. Tupa ikila kupita kiasi, mikono miwili ya pedeli haikai tena kwenye mstari mmoja. Ni ufundi wa hali ya juu, na unastahili heshima zaidi.

Lipo pia neno kukereza, yaani kuchonga kitu huku kikizungushwa kwenye mashine. Bushi hukerezwa, pini huchongwa. Wengi husema kuchonga kwa zote mbili, wala si kosa.